Nani Mwenye Kahawia na Buluu?

Port Vautrin, Louisiana
Jumanne, 7 Septemba 2004

Dada Clotilde,

Mimi mzima, paa zima, mashine nzima. Habari njema zinaishia hapo.

Leo tarishi alinitaka niweke saini kabla ya kunikabidhi bahasha, nikajua si kadi ya sikukuu. Ni mawakili wa chuo. Kurasa nne. Wanasema kahawia na buluu ya angani ni mali ya Chuo cha Vautrin. Nimesoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Hawalalamikii jina la chuo, maana sijawahi kuliandika. Hawamlalamikii yule ndege wao wa nembo, mwari, maana sijawahi kumchora, na wewe unajua mimi hata kuku hanitoki. Wanalalamikia rangi. Rangi hizo mbili zikikaa pamoja kwenye fulana, katika mji huu, siku ya mechi, ni zao. Nina siku thelathini niache kuzichapa na niwapelekee zilizobaki.

Kwenye fulana ya mwaka huu, kwa ile mechi ya mvua, niliandika hivi tu: "31–30. MVUA ILITUKUTA HAPO HAPO." Basi. Wakili ameitoa nakala akaizungushia wino mwekundu, kama mwalimu aliyechoka.

Nimechapa fulana kwenye gereji ya baba miaka ishirini na miwili. Katika kila kumi, tisa ni kahawia na buluu. Ile ya kumi ni ya msiba au ya mkutano wa ukoo, na watu wa hapa hawafi wala hawakutani kwa kasi ya kunilisha. Nikinyimwa rangi hizi, nafunga duka.

Wewe umewapigia mawakili barua kwa mashine miaka thelathini na moja huko Duluth. Hii barua ni ya kweli, au ni ya kunijaribu? Usipige simu. Tukipigiana simu tunaishia kwenye nyumba ya mama na nani alichukua kabati. Andika.

Naandika nimesimama. Kiti kimenishinda tangu asubuhi.

Nduguyo,
Ferris


Duluth, Minnesota
Jumatatu, 13 Septemba 2004

Ferris,

Kabati nililichukua mimi, na mama alinipa mwenyewe. Tuendelee.

Barua ni ya kweli. Mtu anayejaribu haandiki kurasa nne. Sasa soma polepole, usisome ukitembeatembea.

Rangi peke yake haina mwenyewe. Lakini rangi ikivaliwa na watu wale wale miaka mingi, mpaka mpita njia akiiona anasema "hao ni fulani," huyo fulani anaweza kwenda kwa hakimu akasema hiyo ni alama yangu ya biashara. Chuo kimevaa kahawia na buluu tangu kabla baba hajazaliwa. Hapo usibishane nao, utapoteza muda.

Ubishi wako uko kwingine. Hakimu atauliza: mtu anayenunua fulana ya Ferris anachanganyikiwa? Anadhani imetoka chuoni, au chuo kimeibariki? Kama anajua wazi kwamba ni ya Ferris Landreneau, aliyeichapa gerejini huku amevaa kandambili, una pa kusimamia. Na katika mji huo ni nani asiyejua?

Usitie saini. Usiwajibu mwenyewe, mtafute wakili Thibaut kule karibu na mahakama, anapunguzia watu bei kwa sababu anapenda kusikika. Zaidi ya yote, funga mdomo. Najua nakuomba kitu kigumu.

Dada yako,
Clotilde


Port Vautrin
Jumanne, 21 Septemba 2004

Dada,

Thibaut nimempata. Amewaandikia kwamba hatuachi. Amefurahi kuliko mimi.

Sasa sikiliza. Dudley Fruge, yule anayepanga magari uwanjani, ameniambia chuo kimeomba kibali cha vijana wawili wenye vibao vya kuandikia. Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba watapita kwenye mahema, watu wakiwa wanapika kabla ya mechi. Watashika fulana yangu juu na kumuuliza kila mtu: nani ametengeneza hii, au nani ameruhusu itengenezwe?

Dada, huo ni msako. Wakishajua ni nani wa kumkamata, wananikamata. Watu wangu niwaambie waseme nini? Nijibu haraka. Nimekunywa kahawa sita na bado sijafungua duka.

Ferris


Duluth
Jumanne, 28 Septemba 2004

Ferris,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza kumuuliza bosi wangu wa zamani, naye alikuwa ziwani.

USIFANYE LOLOTE. Huo si msako. Hao vijana wanahesabu vichwa. Wanataka kuona wangapi wanadhani fulana ni ya chuo. Kila atakayesema "Hiyo ni ya Ferris, muone yule pale anakula" anakuongezea nguvu. Kila atakayesema "ya chuo" anakubomoa. Kwa hiyo waache watu waseme ukweli. Kwa mara moja katika maisha ya familia yetu, ukweli unatufaa.

Kaa nyumbani siku hiyo, kama unaweza.

Clotilde


Port Vautrin
Jumapili, 3 Oktoba 2004

Dada wa mimi,

Tumewaweza!

Barua yako haikufika, nikaona nisingoje. Jana nilifika uwanjani mapema, nikapita hema kwa hema. Wa kwanza Dudley.

"Ferris, wakija wale wenye vibao tuwapige?"

"Usimpige mtu. Wakiuliza, sema fulana ni halali kabisa, chuo kinazijua."

"Nitaapa kwa roho ya mama yangu."

"Mama yako yu hai, Dudley, tena yuko nyuma yako anakusikia."

Padri Melancon nilimkuta anakoroga mchuzi wa gumbo kwenye sufuria ya kumtosha mtu kuogea. Nikaanza kwa kuomba radhi, kwamba najua ninachomwomba si kizuri. Akasema, "Mwanangu, hapa nimeshika mwiko, sijavaa joho. Nitasema."

Basi wakaja. Msichana na mvulana, wapole, fulana yangu mkononi. Ungewaona watu wa Port Vautrin, dada, ungelia kwa fahari. "Ya chuo hii!" "Chuo, nani mwingine?" akasema hata Bi Eulalie Babin. Mke wa Dudley alisema rais wa chuo mwenyewe ndiye anayechagua maneno. Padri alisema kwa ufahamu wake zimeidhinishwa, akawapakulia bakuli mbili. Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Mimi nimesimama hatua kumi kutoka hapo, natafuna soseji, sura ya mtu asiyejua kusoma.

Walinipenda kiasi hicho. Sikujua.

Jumatatu, saa tano asubuhi.

Barua yako imefika.

F.


Duluth
Ijumaa, 8 Oktoba 2004

Ferris,

Nimengoja siku nzima ili nisiandike nilichotaka kuandika.

Mji mzima umejipanga foleni kukisaidia chuo, na aliyeupanga ni wewe. Wakili wao hajawahi kupata zawadi kama hiyo, na amepewa na gumbo juu yake.

Njia imebaki moja. Waliosema uongo waje waape kwamba walisema uongo, na kwa nini. Si wote, kumi wanatosha: Dudley, mkewe, Padri kama askofu wake hatajua. Na Bi Eulalie Babin lazima. Ndiye aliyenunua fulana yako ya kwanza, anaijua gereji, anakujua tangu unanyonya kidole, na hakuna hakimu atakayemkatisha bibi wa miaka sabini na tisa. Huyo ndiye nguzo.

Clotilde


Port Vautrin
Jumanne, 19 Oktoba 2004

Dada,

Matokeo yametoka. Katika watu mia, sabini na mmoja walisema ni ya chuo au chuo kimeiruhusu. Thibaut anasema hajawahi kuona namba kama hiyo. Alisema kwa heshima.

Nimezunguka kama ulivyosema. Watu wamekubali kwa shangwe. Dudley ananiuliza avae tai ipi. Mkewe anataka kujua kama mahakamani kuna picha. Padri amesema ataungama kwanza, kisha ataapa, kwa utaratibu huo. Tunao tisa.

Bi Eulalie hataweza. Magoti.

Nitahojiwa chini ya kiapo tarehe 16 Novemba, ofisini kwa mawakili wao. Nimechapa fulana za mkutano wa ukoo wa kina Guillory, za njano. Nikizitazama naona kama nimepelekwa nchi nyingine.

Ferris


Duluth
Jumatatu, 25 Oktoba 2004

Ferris,

Magoti hayasemi. Mwenye kusema ni mdomo, na wa Bi Eulalie ninaukumbuka vizuri. Mawakili huwafuata wazee nyumbani kila siku, wanakaa sebuleni, wanapewa keki. Thibaut angekwambia hivyo. Maana yake hujamwambia Thibaut.

Nimekulea nusu, Ferris. Ulipovunja dirisha la kanisa uliandika kwenye daftari lako mistari mitatu tu, nayo ilihusu hali ya hewa. Ukiandika kifupi nakuwa na wasiwasi.

Kuna nini?

C.


Port Vautrin
Jumamosi, 30 Oktoba 2004

Clotilde,

Timu imesafiri, mji umekaa kimya, sina pa kujificha. Haya.

Nilikwenda kwa Bi Eulalie. Akanikalisha. Nikamwambia, "Bi Eulalie, nataka uje useme kwamba ulimdanganya yule kijana mwenye kibao."

"Nilimdanganya nini?"

"Kwamba fulana ni za chuo."

"Kwani si za chuo?"

"Bi Eulalie, nazichapa mimi. Unanijua."

"Najua unazichapa, harufu ya wino inanifikia hapa barazani. Lakini unawachapia wao. Hela inawalisha vijana wakisafiri." Akavuta droo. Zilikuwa zote humo, zimekunjwa kama vitambaa vya altareni. "Mtoto wee, bibi kizee anataka fulana ishirini na mbili za nini? Marehemu mume wangu alipaka chokaa mistari ya ule uwanja miaka arobaini. Wale vijana ni kama wangu. Mimi nilikuwa nawanunulia chakula."

 Nikala keki.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Mwaka 1983 aliniuliza, mezani pangu, nje ya uwanja: "Hizi zinawasaidia vijana?" Nikamjibu, "Zinawasaidia sana, Bi Eulalie, wanafurahi wakiziona." Dada, jibu hilo nilijivunia wiki nzima. Halikuwa uongo. Nililigeuza huku na huku nikaona halina ufa. Kila mwaka akaja na noti yake, na mimi sikuona sababu ya kuongeza maelezo.

Nikaanza kuwauliza wale tisa, mmoja mmoja, kando. Saba walidanganya kweli, kwa ajili yangu. Wawili walidhani wamesema kweli. Mmoja ni mke wa Dudley. Rais wa chuo na yale maneno: Clotilde, aliamini. Miaka yote hii anadhani mimi ni kama kitengo cha chuo.

Kwa hiyo wale sabini na mmoja, sijui wangapi walinipenda na wangapi niliwapotosha mwenyewe.

Siwezi kukaa. Nimefagia gereji mara mbili.

Ferris


Duluth
Alhamisi, 4 Novemba 2004

Ferris,

Usimwite Bi Eulalie. Huo ndio ushauri wangu, na ni mzuri.

Hakuna sheria inayokulazimisha kumpelekea mpinzani wako shahidi. Wakili wao hamjui Bi Eulalie. Unao saba wa kweli. Hao wawili waache nyumbani. Watu saba wakiapa kwamba walipangwa, utafiti wote unanuka, na hakimu anaweza kuutupa. Bosi wangu anasema unaweza kushinda. Alisema "unaweza," na huyo mtu hutumia neno hilo kama anatoa damu.

Wakikuuliza kama umewahi kukutana na mnunuzi aliyechanganyikiwa, sema hukumbuki. Nimeliandika hilo neno kwa mashine miaka thelathini na moja. Hakuna lenye afya kama hilo mahakamani.

Mimi huku nimestaafu, theluji imeanza, na jambo ninaloamkia asubuhi ni sanduku la barua. Nataka ushinde. Sidhani nimewahi kukuambia hivyo, hata uliposhindania nafasi kwenye kwaya ya kanisa.

Sikumbuki. Neno moja. Jizoeze mbele ya kioo.

Dada yako,
Clotilde


Port Vautrin
Jumapili, 21 Novemba 2004

Dada Clotilde,

Nilijizoeza. Kwenye kioo nilikuwa hodari.

Wakili wao ni binti mmoja mpole aitwaye Bi Pruitt, kalamu tatu, hana haraka. Aliniuliza asubuhi nzima habari za wino, skrini za kuchapia, aina za pamba. Nilianza kumpenda. Halafu, huku anafungua chupa ya maji, akasema, "Bwana Landreneau, umewahi kumjua mnunuzi yeyote aliyeamini kwamba fulana zako zinatoka chuoni?"

Thibaut akakohoa. Neno lako lilikuwa mdomoni, dada, nililionja. Nikasema, "Ndiyo. Anaitwa Eulalie Babin. Na aliyemwacha aamini ni mimi."

Karani aliyekuwa anapiga kila neno kwa mashine akanyanyua macho. Nilikuwaza wewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Hawakutaka fidia. Hata leseni walinipa: niendelee kuchapa, ila kila neno lipite kwanza kwenye kamati ya chuo. Nikauliza kamati ina watu wangapi. Saba. Nikawaambia sijawahi kuona watu saba wakicheka jambo moja kwa wakati mmoja, nikaweka saini ile karatasi nyingine, ya kuacha. Sichapi tena kahawia na buluu pamoja. Moja moja naruhusiwa. Zilizobaki, mia mbili na arobaini, nimewapelekea kwa gari langu mwenyewe. Duka nitajaribu kulishikilia kwa ukoo na misiba. Wakubwa wa kina Guillory wameanza kuugua, Mungu anisamehe kwa kuhesabu.

Lakini karatasi za kiapo huzunguka, na sikutaka Bi Eulalie alisikie jina lake kwa Dudley. Jana ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani. Nikaenda nikakata tiketi. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nje ya ukuta ule nikiuza. Sikujua hata ngazi ziko upande gani. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kanisani, basi kila niliyepishana naye akanipa pole ya msiba.

Nikamkuta safu ya kumi na nne, amevaa ile ya mwaka 1991. Nikapiga goti kwenye simenti, maana kiti cha jirani alikuwa amekiwekea mkoba wake.

"Bi Eulalie, zile fulana. Hakuna hata senti moja iliyowahi kwenda kwa vijana. Zote nilichukua mimi. Ulipouliza nilijibu kwa ujanja, kusudi."

Wakati huo huo timu ikaingia. Unajua kelele ya pale. Akaweka mkono sikioni, akaniinamia, uso mtupu. Ikabidi niseme tena. Nikavuta pumzi nikapiga kelele yote, kutoka mwanzo, na katikati ya sentensi matarumbeta yakanyamaza. Safu tatu za mbele ziligeuka. Padri Melancon alikuwa kwenye ya pili.

Bi Eulalie akatazama mpira wa kwanza ukipigwa. 

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema.

Kisha akauchukua mkoba wake akaupakata, kile kiti kikawa wazi.

Nduguyo,
Ferris